Najua rangi ya lile gari bado mbichi, mdogo wangu hajui

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana hapa Nyamiaga tunajuana na wateja wa baba wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo. Ni mtu wa aibu sana. Hata kanisani nikipewa somo nisome, sauti inapotea. Kwa hiyo haya ninayoandika sijawahi kumwambia mtu kwa mdomo.

Baba yangu ni fundi wa kubandika ile plastiki angavu inayolinda rangi ya gari. Barabara zetu mnazijua, ukienda Murusagamba na kurudi, changarawe imeshadonoa boneti yote. Alipoanza watu walimcheka, "Gari nayo inavalishwa nailoni kama godoro la dukani?" Sasa hao hao ndio wanaopanga foleni. Kazi yenyewe haifanywi na mtu mmoja. Plastiki ikishabanduliwa kwenye karatasi yake, mmoja anashika kona za huku, mwingine za kule, mnailaza taratibu juu ya maji ya sabuni, hata kupumua mnapumua kidogo kidogo ili vumbi lisiingie. Tangu niko shule ya msingi, kona za pili nilikuwa nashika mimi. Na kwa kuwa nilisoma shule ya Kiingereza, maelezo ya kwenye boksi nilikuwa namsomea mimi, nayageuza kwa Kiswahili, naye anasikiliza ametulia kama yuko kwenye misa. Siwadanganyi, hapo ndipo mahali pekee nilipojiona nina maana.

Halafu akaja Wande.

Wande ni mtoto ambaye baba alimzaa Biharamulo na mama mwingine, Msukuma. Sisi tulikuwa hatumjui. Mwaka jana mama yake alipoolewa, baba akamleta nyumbani. Mama yangu alilia, kisha akafuta machozi akaniambia, "Damu ya baba yako hiyo. Mimi nimekubali, kubali na wewe." Nikasema sawa. Mdomo ndio uliosema sawa.

Nimemzidi Wande umri kidogo tu, lakini yeye haogopi mtu. Wateja anawaita shemeji, wanacheka. Siku moja baba akamwambia ajaribu kushika kona. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Baba aliruka kama amefunga goli. "Umeona?" akaniambia. "Wewe hushika kama umeshikishwa nyoka!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Tangu hapo kazi yangu ni kukoroga sabuni na kumwaga maji sakafuni ili vumbi litulie. Tukienda kazi za Kabanga, kiti cha mbele kwenye pikapu anakaa Wande, mimi nyuma na ndoo. Baba anamwita "fundi wangu". Miaka yote ile mimi hakuniita hivyo hata kwa bahati mbaya.

Nilijaribu kumharibia. Nilimwambia baba kwamba Wande hasafishi vizuri chini ya milango. Baba akapitisha kidole, kikatoka safi. Hakufoka, na ndicho kilichoniuma. Aliniambia tu, "Mama, wivu utakukausha."

Sasa jambo lenyewe. Baba yuko Mwanza kuchukua plastiki, anarudi kesho jioni. Kesho asubuhi kuna gari jeusi la kubandikwa boneti, na amesema Wande ndiye atakayeongoza kazi. "Likitoka safi, kazi zote za Biharamulo nakwenda naye." Leo mchana kijana mmoja akalileta. Wande alikuwa hapo hapo anafua vitambaa, lakini kijana alinisemesha Kihangaza, lugha yetu ya huku, na Wande hata salamu ya Kihangaza inamshinda. Alisema gari ni la kaka yake, ng'ombe wa watu walilikwaruza barabarani kaka akiwa safarini, juzi tu yeye akaipeleka boneti ikapigwa rangi upya. "Kaka anarudi Jumapili. Wekeni hiyo nailoni ing'ae asijue. Na baba yako usimwambie, atanirudisha."

Ndugu zangu, lile boksi nililisoma mimi. Rangi mpya ambayo haijakauka mpaka ndani haibandikwi plastiki. Itatoa mapovu, na ukiinua ili urekebishe, inatoka na rangi yake. Wande hayo hajayasikia, baba nilimsomea kabla yeye hajaja. Na kwa macho boneti imepigwa vizuri, huwezi kujua.

Kijana alipoondoka Wande akaniuliza, "Dada, alikuwa anasemaje?"

Nikamjibu, "Anasalimia tu."

Jioni hii tulikuwa tunamenya ndizi. Akaniambia bila kuniangalia, "Dada, kesho kona za pili ushike wewe. Baba usimwambie, ila mimi naogopa. Huwa naogopa kila siku, nacheka tu ili msinirudishe." Niliendelea kumenya.

Nikimpigia baba, atakumbuka kile kidole chake cha mlangoni. Nikimwambia Wande, kazi inaahirishwa, siku yake aliyoisubiri inakufa, na kuna sehemu ndani yangu itafurahi. Nikinyamaza, gari la watu linaharibika, jina la baba linachafuka, Wande anaaibika, na sehemu ile ile itafurahi zaidi. Kila njia ninayoiona, wivu wangu umeshatangulia umekaa kiti cha mbele.

Naandika nikiwa mlangoni. Wande yuko uani anasuuza vitambaa vya kesho, anavirudia maji ya pili kama nilivyomfundisha mwenyewe. Nisaidieni kabla hajalala. Nimwambie kwa maneno gani, ambayo yeye atayaamini, na mimi pia nitaamini kwamba siyo wivu unaosema?