Sifa za Kiboko Mpole

Mkoa mpya ulipokatwa kutoka Arusha, na mji wa Babati ukaambiwa kuanzia leo wewe ni makao makuu, watu walimiminika kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Madereva, makarani, wachimbaji waliochoshwa na mashimo, na wengine ambao hawakujua wamefuata nini ila walisikia kuna ofisi zinafunguliwa. Mimi nilikuwa wa kundi hilo la mwisho. Nilishuka kutoka Singida na begi moja na cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni, darasa ambamo ndevu zangu zilikuwa nyingi kuliko za mwalimu wa hesabu na mke wake akanisalimia shikamoo.

Ofisi hazikunitaka. Aliyenitaka ni mama mmoja mwenye duka la vifaa vya shule karibu na stendi. Biashara yake kubwa ilikuwa bahasha za kaki na kutoa kopi za vyeti, maana nusu ya mji ilikuwa inaomba kazi na nusu nyingine inasubiri majibu. Akaniweka kaunta. Nikapanga chumba Bonga, nje kidogo ya mji, nyumba yenye wapangaji wengi, kila mmoja na mke, watoto, redio na ugomvi wake. Mimi nilikuwa na kufuli. Jioni nikifika naliuliza, "Umeshindaje, mzee?" Na haki ya Mungu kuna siku lilinijibu.

Siku za kazi zilikuwa na nafuu. Jumapili ndiyo ilikuwa adui. Ukitoka kanisani watu wanashikana mikono pale nje, wanaulizana habari za nyumbani, kisha wanaondoka mafungu mafungu, na wewe unabaki umesimama kama mwamvuli uliosahauliwa. Jumapili ya Bonga ina saa arobaini. Nimezipima.

Basi siku moja mama alirudi kutoka Arusha kununua karatasi za manila na chaki, akaja pia na katoni la vitabu vipya vya watoto na vijana. Mwenye duka la jumla alikuwa amembembeleza. Nikavipanga kwenye rafu nyuma ya mlango.

"Kijana," mama akasema, "hivi visipopata watu mpaka shule zifunguliwe, rafu hiyo naiwekea ndoo za kuuza."

"Mama, vitatoka kama maandazi!"

"Maandazi yananukia. Hivi vinanuka gundi."

Nikaanza kwenda navyo Bonga kimoja kimoja na kuvisoma. Utotoni kwangu kitabu kilikuwa kimoja kwa dawati zima, na mimi nilikaa pembeni kabisa, nikapata elimu ya ukurasa wa kulia tu. Sasa, mtu mzima na ndevu zangu, nasoma habari za bata waliokataa kuogelea, za msichana anayesubiri matokeo ya mtihani, za kiboko mpole anayevusha watoto mto kwenda shule. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Lakini ukimaliza kitabu kizuri huku huna wa kumwambia, ni kama umechinja mbuzi ukakuta kijiji kizima kimehama. Sikuwaza mauzo hata kidogo. Nilichotaka ni mtu mmoja tu akisome, arudi, aniambie kitu.

Nikachukua manila na maka peni, nikabandika ukutani nje:

"KIMEFIKA! Kitabu kipya cha watoto. Kina kiboko mpole kuliko mchumba. Nilicheka mpaka misumari ya bati ikalegea. Wanahitajika wasomaji, miaka saba na kuendelea."

Sasa elewa Babati ya siku zile. Karatasi yoyote iliyobandikwa ukutani ilikuwa tangazo la kazi. Watu walikuwa wanazunguka mji asubuhi wakisoma kuta kama wengine wanavyosoma gazeti. Sikumaliza hata kubandika pini ya mwisho, mgongoni kwangu kuna umati. Wa nyuma hawaoni, wanawauliza wa mbele.

"Ni idara gani?"

"Sijui. Kuna neno wanahitajika."

"Umri?"

"Miaka saba."

"Uzoefu wa miaka saba! Tutautoa wapi jamani?"

Mzee mmoja aliyevaa koti la harusi akaingia mpaka kaunta na bahasha yake. "Kijana, hiyo nafasi ni ya mkataba au ya kudumu?" Nikamweleza kwamba ni kitabu cha watoto, kuna kiboko. Akanitazama kwa huruma, kama daktari. "Na huyo kiboko analipwa?" Umati ukacheka, ukatawanyika. Mama akacheka mpaka akakaa kwenye boksi la chaki. Mimi pia nilicheka, kwa nguvu kuliko wote.

Katika umati ule alibaki dada mmoja wa rika langu, amebeba bahasha. Akaisoma manila yote kwa utulivu, akatoa kopi za cheti chake, na alipolipia akaongeza kile cha kiboko. "Nina mtoto wa miaka saba," akasema, "angalau mmoja wetu ana sifa."

Wiki iliyofuata akarudi. Duka limejaa.

"Habari za kazi, kaka."

"Nzuri, dada. Bahasha?"

"Sitaki bahasha. Wewe umeshawahi kumwona kiboko?"

"Kwenye picha..."

"Nilijua!" Akaweka kitabu juu ya kaunta. "Kwetu ni kando ya ziwa hapa. Kiboko alilala kwenye mahindi yetu kama mgeni wa heshima, tukaamka hakuna shamba. Jana mwanangu ananiambia, mama, twende ziwani nikapande. Na wewe umeandika ukutani eti mpole kuliko mchumba. Huyo mchumba wako ni wa namna gani?"

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Mchumba mwenyewe sikuwa naye.

"Dada, hiyo ni hadithi. Mbona sungura anaongea na hatulalamiki?"

"Sungura akiongea hakuna mtoto anayekufa."

Hapo alinishinda, mimi ambaye inasemekana nilizaliwa naongea. Lakini kifuani humu kulikuwa na vigelegele. Mtu amesoma, amerudi, ameniambia kitu! Nikampa kile cha msichana na matokeo yake. Mama akakubali aazime, mradi kirudi kisafi.

Ikawa hivyo. Kila alipokuwa na maombi mapya ya kazi alipita kutoa kopi, na kabla mashine haijapata moto tulikuwa tumeshaanza kubishana.

"Nimelia mwanzoni," alisema juu ya yule msichana. "Mwishoni nimekasirika. Amefeli, halafu huyo, anatokea mjomba tajiri."

"Mwandishi amemwonea huruma."

"Amwonee huruma kwa kumpa akili. Mimi mjomba namtoa wapi?"

"Lakini ungependa atokee?"

Akalipangusa jalada la kitabu. "Ningependa. Ndiyo maana nimekasirika."

Nikabadilisha manila zangu. Juu naandika sifa zangu, chini maneno yake: "Mimi nasema kurasa za mwanzo zinaliza. Mwenzangu anasema mjomba angebaki kwao." Neno hilo mwenzangu niliandika kwa herufi kubwa kuliko jina la kitabu. Watu wakaanza kusimama pale kwa ajili ya ugomvi wenyewe, wengine wakiingia kuuliza nani ameshinda. Rafu ikapungua. Mama akaacha kuzungumzia ndoo.

Ila kulikuwa na jambo nililolijua na sikulisema kwa yeyote. Dada yule alikuwa anakuja kwa sababu hajapata kazi. Kila bahasha iliyorudi bila jibu ilikuwa inamleta kaunta kwangu. Nilimtolea kopi safi, nikampangia vyeti vyake, nikambania pini kwenye kona kama ofisa, na nilimwombea kwa Mungu apate. Nilikuwa namwomba Mungu polepole, lakini nilimwomba.

Mungu hana haraka wala si kiziwi. Asubuhi moja dada akaingia mikono mitupu.

"Nimepata. Kiteto. Masjala."

Nikapiga yowe lililosikika mpaka Kateshi. Nikatoka nyuma ya kaunta, nikampa mkono, nikamwita mheshimiwa, wateja wakapiga makofi. Nilifurahi kweli. Ila wakati nafurahi kulikuwa na mtu mwingine ndani yangu, anakaa chini taratibu bila kupiga kelele.

"Sasa nani atakukosoa?" dada akaniuliza.

"Mji umejaa watu."

"Wamejaa ndiyo. Wanasoma ukuta tu."

Nikamchagulia mtoto wake kitabu cha bata waliokataa kuogelea. Akakipekua akiwa amesimama mlangoni, mzigo wake ukiwa tayari stendi. "Hawa angalau nawaamini," akasema. "Bata ni wabishi." Akaenda. Kiteto siku zile ilikuwa mbali kuliko Ulaya. Ukienda, vumbi lako lilikuwa linafika wiki moja baada yako.

Mwaka uliofuata mama alileta katoni jingine bila kubembelezwa na mtu. Nikafungua kitabu cha juu, cha vijana, habari za msichana fundi baiskeli. Nikasoma nimesimama. Kufika pale ambapo baiskeli inashuka mlima bila breki na msichana anaimba, nikasikia kabisa atakachosema yule dada: "Kwanza afunge breki, aimbe baadaye!" Nikaangua kicheko peke yangu, kicheko cha kweli, sikukiongezea hata chembe.

Kijana aliyekuwa anasubiri kopi akanitazama. "Vipi bro, unacheka nini?"

"Huyu msichana hapa," nikaanza, nikimgeuzia kitabu, "ni fundi, sasa amepanda baiskeli ambayo yeye mwenyewe..."

"Kaka, samahani. Maombi yanafungwa leo saa sita."

Nikaweka kitabu chini. Nikamtolea kopi, nikazipanga, nikabana pini kwenye kona, nikamtakia apate.