Pole ya Wifi

Msusi alipoachana na mumewe, watu walimpa pole ya mume. Majirani walimpa, wateja walimpa vichwa vyao vikiwa mikononi mwake, na dada yake alikuja na mfuko wa matunda, akakaa mpaka jioni akimsema shemeji yake. Msusi aliitikia, "Nimeshapoa," na kwa upande wa mume ilikuwa kweli. Ndoa ile haikuvunjika kwa kishindo. Ilikwisha kama sabuni. Ukija kuitafuta, unakuta povu. Pole aliyoihitaji hakuna aliyejua kuitoa. Aliyemkosa alikuwa wifi yake.

Alikuwa ameolewa katika nyumba ya watu wengi, akakabidhiwa jiko. Wiki ya kwanza tu akaunguza maharage, kwa sababu alikuwa ameegemea mlango wa stoo akisoma riwaya. Wifi, dada mkubwa wa mume, alifanya kazi kwenye kliniki ya macho na alisifika kwa ulimi. Alifuata harufu mpaka jikoni, na Msusi akajua leo ameumbuka. Wifi akaepua sufuria, akafungua dirisha, kisha akanyoosha mkono.

"Lete hicho."

Akasoma kurasa mbili hapohapo, wima.

"Huyu daktari mwongo," akasema.

"Si mwongo, ana haya tu."

"Mwenye haya hachumbii wanawake wawili mwezi mmoja."

Jioni hiyo nyumba nzima ilikula mkate na chai. Mama mkwe alipouliza, Wifi alijibu kwamba jiko lina kasoro, litaangaliwa.

Tangu hapo wakawa wanasoma kitabu kimoja wawili, kila mmoja na alama yake: ya Msusi uzi wa kusukia, ya Wifi kipande cha kadi ya kliniki. Ya Wifi daima ilikuwa mbele. Walijadiliana wakianua nguo, wakichambua mchele, wakimngoja fundi wa bomba. Hawakukubaliana hata siku moja. Wifi hakuwa na subira na wahusika walegevu. Msusi alimhurumia kila mtu. Hata mwizi akikimbizwa, alimwombea asikamatwe. Mume akipita alidhani wanasengenya mtaa.

"Nani huyo kaiba mume wa mtu?"

"Humjui," walijibu kwa pamoja.

Siku Msusi alipoondoka, Wifi ndiye aliyembebea sanduku mpaka barabarani. Aliangalia magurudumu ya teksi badala ya kumwangalia yeye, akasema, "Safari njema," kama vile mtu anakwenda kusalimia kwao na kurudi. Baada ya hapo kimya. Msusi naye hakupiga simu. Angeanzia wapi? Mtalaka wa kaka anamtafuta dada mtu kwa lipi? Damu nzito kuliko maji, na huyo hakuwa damu yake.

Akapanga chumba karibu na saluni, akaendelea kusoma. Kusoma hakukuwa na shida, shida ilikuja akimaliza. Alimwazima dada yake riwaya, na baada ya siku mbili dada akamwambia, "Niambie tu mwisho wake, nisijisumbue." Kulikuwa na mteja mmoja, mwalimu, aliyesoma kwenye simu muda wote wa kusukwa. Msusi akajikaza akamuuliza.

"Kitabu hicho kikoje?"

"Kizuri."

"Kizuri vipi?"

"Kizuri tu," mwalimu akasema, akainamisha kichwa ili asukwe kisogoni.

Kisha akapata riwaya ya mama mjane aliyeuza nyumba bila kuwashirikisha binti zake wawili. Mmoja alimtunza kwa adabu. Mwingine alimtukana mbele za watu. Mwishoni, mama yule alifunga virago akahamia kwa yule aliyemtukana. Msusi alimaliza ukurasa wa mwisho Jumapili mchana, amelala ubavu. Akafunga kitabu, akageuka aseme neno, akakutana na ukuta.

Kesho yake, siku ambayo saluni hufungwa, alivaa vizuri akaenda kliniki ya macho.

"Tatizo?" karani akauliza.

"Macho."

Akaketi kwenye benchi na wazee na miwani yao mpaka alipoitwa. Chumba kilikuwa na giza la pazia, na taa moja juu ya chati ya herufi. Wifi aliinua uso. Amekonda. Nywele zake, ambazo Msusi ndiye aliyekuwa akizisuka kila mwisho wa mwezi, zilikuwa zimefungwa kwa kibanio tu, mvi zimechomoza mbele. Msusi alificha vidole vyake kwenye mkoba visije vikajiendea vyenyewe.

"Keti," Wifi akasema. "Funika jicho la kulia. Soma."

Msusi akasoma chati yote, jicho moja kisha la pili, mpaka mstari wa chini kabisa, na chini ya huo akasoma na jina la kiwanda kilichoichapa.

"Macho yako mazima."

"Najua."

"Nje kuna wagonjwa wanasubiri."

"Najua, wifi."

Wifi akachukua lenzi iliyokuwa safi, akaanza kuifuta.

"Mimi si wifi yako tena," akasema taratibu, kama anavyowaambia watu habari za macho yao.

"Basi nikuite nani?"

Wifi akaigeuza lenzi, akafuta upande wa pili. Msusi akaupakata mkoba wake. "Nimemaliza kitabu," akasema.

"Mimi sijasoma kitu tangu uondoke. Nimejaribu. Nafika ukurasa wa kumi, mtu anafanya upuuzi, nageuka nikwambie..." Akairudisha lenzi mahali pake.

Basi Msusi akamsimulia. Alisimulia harakaharaka, kwa sauti ya chini, kama wakati ule mama mkwe akiwa amelala chumba cha pili. Alipofika pale mama anapofunga virago, Wifi akadakia.

"Mjinga huyo."

"Hujakisoma!"

"Mtu kakutukana hadharani, unamfuata na mito yako?"

"Alimkumbuka mwanawe."

"Kukumbuka kila mtu anakumbuka. Unakaa nako kwako."

"Wewe umekaa nako?"

Wifi akaitazama chati kwa muda, kana kwamba naye ameambiwa asome. "Kaka hataki jina lako litajwe mezani," akasema. "Na mama anamsikiliza. Siwezi kukukaribisha nyumbani."

"Sijaomba nyumbani."

Karani akagonga, akachungulia. "Dada, foleni imefika getini. Huyu mama ana macho mabaya kiasi hicho?"

"Mabaya sana," Wifi akasema. "Itabidi arudi."

Akarudi. Sasa Jumatatu, Wifi akipata mapumziko ya mchana, wawili hao hukaa nyuma ya kliniki kwenye ngazi ya zege, mmoja anakula, mwingine anamsuka. Si kila Jumatatu. Mama mkwe anaumwa, na siku nyingine Wifi haji kazini kabisa. Msusi hungoja mpaka kivuli cha ukuta kimtoke, kisha hurudi na kitabu chake.

Kile cha mama mjane alimwachia. Wiki aliyofika mwisho, Wifi alitoka na macho mekundu, akasema ni dawa ya matone, alikuwa anaijaribu. Msusi hakubisha.

"Bado ni mjinga," Wifi akasema.

"Sawa."

"Usiniitikie sawa. Bisha."

Siku hiyo Wifi aliruhusiwa mapema, wakaondoka pamoja wakibishana njia nzima, mpaka kwenye duka la rangi. Hapo Msusi akasimama. Kutokea hapo paa la ile nyumba linaonekana, na nguo zimeanikwa uani, nyingine anazijua. Wifi alikata sentensi katikati, akamshika mkono kumuaga, akaenda. Msusi alibaki kando ya makopo ya rangi na jibu lake mdomoni, akimwangalia anavyopanda kilima, mpaka geti likafunguliwa na kufungwa.