Asubuhi Niliyoshuka Melini Nikarudi na Mbuzi

Asubuhi ile niliyoshuka melini kule Musoma haijanitoka kichwani hadi leo, mjukuu wangu, na kila nikiisimulia moyo unanienda mbio kama ule wa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Kaa hapa karibu kabla hujaanza safari yako. Na usicheke mapema, maana sehemu ya kuchekesha bado.

Utauliza, mtu wa Nyakunguru alitafuta nini melini? Dhahabu ndiyo iliyonifikisha huko, mwanangu. Miaka ile udongo wetu uliwatia watu wazimu. Walimu waliacha chaki, makarani wakaacha ofisi, kila mtu na sururu yake begani. Mimi na wenzangu wanne tulikuwa tukichimba duara, yaani shimo letu la dhahabu, kule Matongo. Miaka mitatu tulikula ugali na chumvi, na siku duara lilipotema dhahabu, tulikumbatiana na kurukaruka tukiwa tope tupu hadi mmoja wetu akapoteza kiatu. Mpaka leo hakijaonekana.

Sehemu yangu niliiuza Tarime kwa sonara mmoja, Mzee Salum, mtu mpole mwenye duka jembamba kama kabati. Nilimwambia nataka kustarehe kidogo kabla ya kurudi nyumbani. Akaniambia kuna meli inayozunguka ziwa lote, unapandia Musoma, unatembezwa bandari baada ya bandari, na siku ya tano unashushwa pale pale Musoma. Akaongeza, "Lakini kijana, wanaokuhudumia uwaamkie. Na asubuhi ya mwisho usishuke kabla hujawashukuru, kila mmoja mkononi mwake." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nikijitazama kwenye kioo chake. Sikusikia hata neno moja.

Sasa nikuambie kilichokuwa moyoni mwangu, maana bila hicho hutanielewa. Baba yangu, Marwa, alikuwa hasemi nami. Msimu wa kulima nilimwachia ng'ombe katikati ya shamba, nira ikiwa shingoni, nikawafuata wenzangu duarani. Miaka mitatu hakutamka jina langu. Na mimi nilikuwa nampenda Bhoke, binti wa Nkende, hadi usingizi unakatika. Wewe unajua kwetu kijana hajipeleki kuposa. Baba ndiye huenda kuongea, na ng'ombe wa mahari hutoka zizini kwake. Bila kinywa cha baba, dhahabu yote ya Matongo isingenipa Bhoke.

Kwa hiyo nilipanga hivi. Nizunguke ziwa kama bwana, kisha nishuke Musoma niende moja kwa moja nyumbani na zawadi za baba, koti, blanketi zito na redio. Niliamini akiiona redio tu atanyanyuka kunipokea. Ujana!

Basi nikapanda, daraja la kwanza, suti nyeupe, kofia upande. Ningekuwa na mkia ningeutingisha! Chumba kilikuwa na kitanda chenye shuka mbili, na dirisha la duara ambalo nilikaa nalo siku nzima ya kwanza nikiyapungia mkono mawimbi. Kila asubuhi mlango uligongwa polepole, akaingia mzee mmoja wa makamo, shati jeupe, vifungo vya shaba, na birika la chai. Alinitandikia kitanda. Alinipigia viatu rangi. Siku ziwa lilipochafuka nikatapika kama mtoto, ni yeye aliyenishika kichwa na kunifuta kwa kitambaa chenye maji. Hakusema mengi. Alikuwa akiniangalia, anasimama kidogo kana kwamba anasubiri kitu, kisha anakwenda zake.

Nami nilikuwa nikimwita "Boi," yaani mtoto kwa Kiingereza. Niliwasikia mabwana wengine wa daraja la kwanza wakiita hivyo, nikaona ndio ubwana wenyewe. Boi, chai! Boi, viatu! Naona aibu hata kuyatamka. Wewe mtoto wa Kikurya unajua kwetu mwanaume akishasimama jandoni haitwi mtoto tena, hata kwa utani. Ukimwita mtoto umemvua nguo mbele za watu. Mimi nililijua hilo tangu nachunga ndama, lakini lile shati lenye vifungo lilinifumba macho. Nilidhani aliyelivaa hana kwao.

Siku ya tano ikafika. Jua linachomoza, Musoma ile pale, mawe yake yanang'aa, honi inalia hadi kifua kinatetemeka! Mizigo ilikuwa imeshatolewa nje ya milango ya vyumba. Abiria walijaa ukingoni mwa meli, watoto wamebebwa mabegani, wanawake wanawaita ndugu zao walioko gatini. Mwanangu, furaha niliyokuwa nayo ilikuwa ya kutaka kupiga kelele. Nilimwona Bhoke kila nilikotupa macho, na hakuwepo.

Wafanyakazi wa meli walijipanga juu ya ngazi kuwaaga watu, na hapo ndipo watu huwapa bakshishi. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kuonekana. Nikatoa noti mfukoni, nikazishika juu kama feni. Ofisa mwenye kofia ya nanga nilimpa, ingawa hakuwahi kunifanyia lolote. Aliyefuata nikampa. Gati zima lilinitazama. Nikafika kwa mzee wangu wa chai, aliyekuwa amesimama mwisho, na kwa kuwa watu wananiangalia nikataka kumaliza kwa mbwembwe. Nikaitupa noti kuelekea kifuani mwake. "Boi, shika, ukanunue sigara!"

Upepo ukaidaka. Ikapaa, ikapinduka mara mbili, ikatua majini. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Yule mzee hakuitazama noti. Alinisogelea, akaniuliza polepole, na aliniuliza kwa Kikurya, "Mura, kijana, wewe ni mtoto wa nani?"

Kicheko kikanikatikia mdomoni. "Mimi ni Mwita, wa Marwa. Wa Nyakunguru."

"Marwa yupi? Yule asiyeweza kumaliza kibuyu cha pombe bila kuimba?"

"Huyo huyo."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi ni Ryoba. Mimi na baba yako tulisimama jandoni asubuhi moja. Yeye alikuwa wa tatu, mimi wa nne. Damu yake haijakauka chini, ya kwangu ikadondokea hapo hapo. Nilikujua kwa lafudhi yako tangu siku ya kwanza, nikasema ngoja nione kama huyu kijana ataniamkia. Siku tano, Mwita. Siku tano umeniita mtoto."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi na suti yangu, abiria wakawa wananiruka. Mtu wa rika la baba yako ni baba yako, na huyu alinipigia viatu rangi na kunifuta matapishi, na sikuwahi kumpa hata shikamoo moja. Akitamka neno la laana kwa uchungu, hata Marwa mwenyewe hawezi kulifuta. Na Marwa akisikia, mlango niliokuja kuugonga unafungwa moja kwa moja, na Bhoke ataolewa na mwingine.

"Baba, nisamehe," nikasema.

"Sina hasira nawe," akajibu, na niliona ni kweli, macho yake yalikuwa na huzuni tu. "Lakini desturi unaijua. Meli inaondoka saa nne."

Naam, desturi naijua. Aliyemkosea mzee wa rika la baba yake humletea mbuzi. Humtafuta mwenyewe, humkokota mwenyewe, hamtumi mtu. Na saa ya bandari ilikuwa inakaribia saa mbili na nusu!

Mwanangu, nilikimbia! Mizigo nilimwachia mchukuzi nisiyemjua, kofia ikabaki sijui wapi. Sokoni nikaambiwa mbuzi hakuna, mnada ni keshokutwa. Nikakimbia tena, nikapanda mlima, nikashuka, nikachungulia ua baada ya ua, hadi nikamwona beberu mweupe amefungwa kwenye nguzo ya jiko, na mama mmoja mtu mzima anapepeta mahindi kando yake.

"Mama, mbuzi! Niuzie! Bei yoyote!" Nilishatoa noti.

Aliendelea kupepeta. "Hapa kwangu watu husalimu," akasema.

Nilitaka kulia. Saa tatu ilishapita! Lakini nikarudisha noti mfukoni, nikavuta pumzi, nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Nimeamka vibaya, mama." Nikamweleza yote, boi, noti, upepo, na vile mzee alivyonishika kichwa nilipotapika. Alinisikiliza ungo ukiwa magotini. Nilipomaliza alikwenda kumfungua yule beberu mwenyewe, akaipokea bei bila kuipandisha, akaniambia, "Kimbia. Na huyu hapendi kuvutwa, mbebe."

Hakudanganya. Nilimvuta hatua kumi, akalala chini. Nikamtupa begani. Honi ya kwanza ikalia nikiwa juu ya mlima. Nikateremka nikipiga kelele "Nipisheni!", beberu naye analia sikioni mwangu, na katikati ya njia akanikojolea, mwanangu, kutoka kolani hadi kiunoni. Suti nyeupe! Watoto wa mji mzima walinifuata wakishangilia. Honi ya pili ikalia. Nikafika gatini wakiwa wameshashika kamba za ngazi, nikapiga ukelele wa kwetu, ule wa kuomba msaada ng'ombe wanapoibwa. Meli nzima ikageuka kunitazama.

Mzee Ryoba akawainulia mkono wenzake. Wakasubiri.

Nikapanda. Nikamweka beberu chini, nikainama, nikamkabidhi kamba kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Aliniangalia toka juu hadi chini, akaanza kucheka, na akicheka anafanana na baba yangu kwa namna ya ajabu. Wapishi wakatoka jikoni. Wakatoka na wanaume wa chini kwenye mashine, weusi kwa mafuta, ambao siku tano sikujua kama wapo, na kumbe ndio waliokuwa wananisukuma kulizunguka ziwa lote lile. "Huyu tutamla sote," Mzee Ryoba akawaambia, nao wakashangilia. Kisha akaomba kikombe cha chai, akapiga funda, akanipulizia kifuani, ndiyo baraka ya kwetu. Chai ya meli, maana pombe ya mtama haikuwepo. "Nenda. Uoe, uzae, ufuge. Na umwambie Marwa, wa nne bado amesimama."

Nilishuka ngazi nikilia na kucheka. Mizigo yangu yote niliikuta. Yule mchukuzi aliikalia hadi niliporudi, nami nilimpa ujira wake kwa mikono miwili, nikamuuliza na jina.

Nikapata lori, tukavuka Mto Mara kwa kivuko cha Kirumi, jioni jua likiwa bado lipo nikafika nyumbani. Baba alikuwa mlangoni mwa zizi akihesabu ng'ombe wanaoingia. Nikamwamkia. Kimya. Nikatandika koti na blanketi mbele yake. Kimya. Nikaiwasha redio, ikaimba vizuri kabisa, na Marwa akaendelea kuwatazama ng'ombe. Mama alisimama mlangoni amejishika shavu.

Nikaizima redio. Nikasema, "Baba, wa nne bado amesimama."

Fimbo ikamdondoka. "Nani kakwambia maneno hayo?"

Nikamweleza. Sikuficha kitu, mwanangu, hata lile neno boi nililitaja, na nilipolitaja uso wake ulikuwa mgumu kama mwamba wa Matongo. Nilipofika kwenye mbuzi akaniuliza, "Ulimtuma nani kumleta?"

"Nilimbeba mwenyewe."

Akanisogelea. Akainama, akainusa kola ya suti yangu, ile suti ya daraja la kwanza. Akainusa tena. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini anacheka pia.

"Mwita," akasema. Miaka mitatu sikuwa nimelisikia jina langu kinywani mwake. "Ingia ndani. Kesho tunakwenda Nkende."

Mwanangu, ndiyo maana una bibi anayeitwa Bhoke.

Sasa nasaha yangu ni hii. Nyie siku hizi mnalala kwenye hoteli za mbugani, mnapanda ndege, mnahudumiwa na watu waliovaa sare. Toeni bakshishi, ni haki yao, msiwe wachoyo. Lakini anza na salamu siku ya kwanza, usingoje asubuhi ya mwisho. Muulize jina, muulize kwao. Unachompa mweke mkononi, kwa utulivu, bila kutafuta wa kukutazama. Na mkumbuke aliye chini kwenye mashine, maana yeye hasimami kwenye ngazi. Ukishakosea, kama nilivyokosea mimi, usitume mtu. Beba mbuzi wako mwenyewe hata akikukojolea.

Haya, sogea. Chai yangu hii bado ina moto. Napiga funda, nakupulizia kifuani kama nilivyopuliziwa. Uende salama, urudi salama, kila mlango utakaougonga ufunguliwe na mtu mwenye jina lako mdomoni. Na siku utakapomwamkia mgeni usiyemjua, akuitikie, "Marahaba, mwanangu."