Sijasikia, Rudia

Shangazi aliyenilea kule Lalago hakunipenda, nami sikumpenda, tusidanganyane. Nilikuwa na haya, sauti ikiniishia kooni mbele ya watu. Kwetu msichana hupiga magoti anapomwamkia mkubwa. Basi msimu wa pamba, ua ukiwa umejaa wachumaji, aliniita makusudi nimwamkie mgeni. Nilipiga magoti, nikanong'ona salamu yetu ya mchana, "Mwadila." Kabla mgeni hajaitikia, shangazi alidakia: "Sijasikia, rudia!" Nikarudia, changarawe zikinichoma magoti, wao wakicheka mpaka nikalia. Eti ananifundisha adabu.

Sauti nimeipata mwenyewe sokoni Bariadi, ninakouza vitenge. Huko ukinong'ona unalala njaa. Mwaka jana, kwenye harusi ya binti wa shangazi, nikamsikia akijisifu kwa wakwe: "Huyu mimi ndiye niliyemfundisha kuongea."

Nikaenda mbele yake, nikapiga magoti kama desturi.

"Mwadila, shangazi!"

Watu wote chini ya turubai wakageuka kututazama. Akaitikia kwa kunong'ona, macho chini. Sikuinuka.

"Sijasikia, shangazi," nikamwambia. "Rudia."