Bibi Alipotupaka Msiro Sote

Harufu ya msiro uliosagwa kwa maji juu ya jiwe, wanawake wenzangu wanaipenda. Mimi hunikausha mate. Msinicheke. Kwetu Quiterajo wanawake huupaka usoni, mweupe kama chokaa, wapate ngozi laini, nami niliupenda mpaka siku ile.

Mdogo wangu Sauda alizaliwa zeruzeru. Mtaani walimwita hivyohivyo, Zeruzeru, na wajawazito walipomwona walijitemea kifuani wasije wakazaa kama yeye. Eskola hakupelekwa, wajomba walisema macho yake hayataona ubao. Sisi tuliona ni kawaida. Kisha ikavuma habari ya gesi baharini, magari ya wageni yakazidi, na maneno ya kutisha yakaja nayo: ati viungo vya mtu kama yeye huleta utajiri. Bibi akamkataza hata kwenda kisimani.

Asubuhi moja gari likasimama njiani, mtu akashuka akawa anauliza nyumba yetu. Muda wa kumficha Sauda haukuwapo. Bibi alikuwa akisaga msiro wake, akatushika wajukuu wote wa kike, akatupaka nyuso, mikono, mpaka miguu, akatufunga mitandio, akasema, "Inameni, someni sura zenu za Kurani. Atakayeinua macho atanitambua leo."

Mgeni akaingia uani na pakiti ya biskuti. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akaita kwa sauti tamu, "Sauda, mwanangu, njoo."

Lo! Mdogo wangu alilelewa na Bibi: mkubwa akiita, unaitika. Nikamsikia anavuta pumzi. Nikamtangulia: "Labeka!"

Yule bwana akanijia, akanipangusa shavu kwa kidole, polepole. Weusi wangu ukatokea. Akajifuta kidole kwenye suruali, akaondoka bila kuaga. Mimi nilikuwa nimejikojolea.

"Amekwenda, Bibi," nikasema. Mchana tulipokaa kula, wajomba, shangazi na sisi watoto, Bibi hakugusa chakula. Alikuwa akitazama mikono iliyomega ugali, mmoja baada ya mwingine. Nilidhani bado anamwogopa mgeni, nikamwonea huruma.

Nilikuja kuelewa nikiwa mama wa watoto. Nje ya ua wetu hakuna aliyewahi kumwita Sauda kwa jina lake. Aliyempa mgeni jina hilo alikuwa akila nasi.