Mbegu ya Saga Iliyoishia Mikononi Mwetu

Hasira yangu na lile duka la pembejeo la Rangwe haijapoa, na sitaki ipoe.

Katika boma letu, mbegu ya saga, mboga tunayoiita dek, ilikuwa mali ya mama mkwe wangu. Aliiweka kibuyuni pamoja na majivu. Mvua ya masika ikianza, yeye alipanda kwanza, kisha mke wa shemeji yangu mkubwa, halafu mimi. Kumtangulia mkubwa wako kupanda ni mwiko. Mwisho wa msimu kila mmoja alirudisha konzi ya mbegu kibuyuni.

Mwaka huo ukame ulikuwa umetuachia mbegu kidogo mno. Mama, magoti yakimsumbua, alipanda mstari mmoja tu ukingoni mwa shamba langu ili kutimiza mila, akatugawia zote zilizobaki. Huyo mke wa shemeji, ambaye kwa mila yetu naye ni mke mwenzangu, alikuwa Migori kwa binti yake aliyejifungua, akakaa huko wiki tatu. Nami nikakaa na mbegu zangu, mvua ikipita, huku mchuuzi wetu, mama anayewapelekea mboga wachimba dhahabu wa Osiri, akiniuliza kila siku ya soko kama nimepanda au nimelala.

Nilipopanda hatimaye, baada ya mke mwenzangu kurudi na kupanda, nilikwenda dukani nimekasirika. Muuzaji, mtu mzima aliyevaa koti jeupe kama daktari, aliniuzia mbolea ya yuria na chupa ya dawa ya kukuza.

"Madam, hii ni homoni," akasema. "Hata ukipanda mwisho, utavuna wa kwanza."

Alijuaje pa kunigusa? Nilimwaga yuria bila huruma, nikapiga dawa kwa pampu kila wiki. Saga ikafyatuka. Majani yakawa mapana, mashina marefu na laini, na mama wa Osiri akaacha kuwatazama wengine sokoni. Mke mwenzangu aliona shamba langu, akaazima chupa. Nikampa. Na kwa kuwa nilijiona mkarimu, niliupulizia mstari wa Mama pia, akiwa ndani amelala, wala sikumwambia.

Wapishi wa Osiri ndio waliolalamika kwanza. Saga ile ilikuwa ikiyeyuka sufuriani, na gunia likilala siku moja tu linaoza. Sikujali. Nilijali pale mashamba ya wenzetu wa ng'ambo ya kijito yalipotoa maua, kisha maganda ya mbegu, na langu likaendelea kutoa majani. Majani juu ya majani! Mimea iliyoshiba yuria namna ile haina haraka ya kuzaa. Kisha ikanyesha mvua kubwa ya upepo, na mashina yale marefu yakalala chini yote, yangu, ya mke mwenzangu na ya Mama, yakaozea kwenye tope kabla ua moja halijakomaa.

Nilirudi dukani. Nilimuuliza yule bwana kwa nini hakunionya kuhusu mbegu. Alinishangaa, akasema mimi nilitaka majani na majani nimepata, kisha akanyoosha mkono kwenye rafu na kuniwekea pakiti mezani.

"Mbegu si tunauza hapa?"

Niliiacha pale pale. Nilitoka, na njia nzima nilimtukana kwa Kijaluo, maana Kiswahili changu hakikutosha. Lakini aliyeshika pampu hakuwa yeye.

Jioni tulikwenda kwa Mama mikono mitupu. Mke mwenzangu alitazama sakafu. Mama hakugomba. Alikiinamisha kibuyu juu ya kiganja chake, yakatoka majivu matupu, akayafuta kwa kanga. Akasema mvua ni ya Mungu, na kwamba msimu huu Mungu alimpa zawadi hata hivyo. Mstari wake ulistawi kuliko wakati wowote tangu aolewe. Wanawake wa kanisani walikuja kuutazama, akawaambia mkono wake haujazeeka.

Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia kila kitu, yuria, chupa, na siku nilizopulizia akiwa amelala.

Alivitazama vidole vyake.

"Chi wuoda," akasema, mke wa mwanangu, "kumbe haikuwa mkono wangu."