Skrini Iliyopona Kila Baada ya Chakula cha Mchana

Kila asubuhi skrini ya shemeji yangu iliamka na manjano.

Sitanii. Tunafika kazini saa tatu, anawasha kompyuta yenye skrini mbili. Ya kulia nyeupe pe. Ya kushoto imekaa rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Saa nne vilevile. Saa sita vilevile. Tukitoka kula mchana na kurudi, tunaikuta nzima, nyeupe, mpaka jioni tunafunga ofisi.

Kesho yake asubuhi, njano tena.

Jamaa wa mashine ya kuchapa alitoa jibu lake siku ya kwanza tu.

"Hiyo ina njaa. Mbona muda wa kula ukifika inapona?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu fundi wa kompyuta wa ofisi ile ni mimi, na mkataba wangu wa miezi sita ulikuwa unaisha Ijumaa.

Nyumbani mke wangu alikuwa na ujauzito wa miezi minane. Nilikuwa naogopa, sina haja ya kuficha.

Sisi tunachapa lebo na maboksi. Shemeji, yaani mume wa dada yangu, ndiye msanifu. Yeye huchora kwenye skrini ya kushoto, ya kulia huweka barua za wateja. Sasa fikiria mtu anayechora kwenye skrini ya njano. Anaona picha imezidi njano, anaipunguza, anaongeza bluu mpaka jicho lake liridhike. Ikienda kuchapwa, bluu yote ile inatoka kwenye karatasi.

Ndivyo mtoto wa kwenye lebo ya mafuta ya watoto alivyotoka kama ameachwa kwenye friji.

Mteja alirudisha shehena nzima. Aliweka boksi moja juu ya meza ya msimamizi wetu, akasema, "Mama, huyu mtoto anaumwa," akaondoka.

Msimamizi wetu tunamwita Mama. Alifundisha shule miaka thelathini, akastaafu, akaletwa kutusimamia, na mkono wa kusahihisha haukustaafu. Anasahihisha barua zetu. Anasahihisha kola za mashati. Akipita akakuta kalenda ya ukutani haijafunguliwa mwezi mpya, anaifungua mwenyewe huku anakutazama.

Jumatatu aliniita.

"Mwanangu, ile skrini."

"Naishughulikia, Mama."

"Ishughulikie kabla ya Ijumaa. Na kila asubuhi uandike ripoti ya ulichofanya, uiweke kwenye folda ya ofisi. Mwenye kampuni anataka kuisoma."

Mwenye kampuni yeye anaishi nchi ya mbali. Tunamjua kwa sauti ya simu tu. Kazi zetu zote zinaingia kwenye folda moja ambayo anaweza kuifungua kutoka huko aliko, akaona faili gani limehifadhiwa, na nani, na saa ngapi.

Basi nikaanza kazi, na kiburi changu chote.

Jumatatu hiyohiyo nikabonyeza vitufe vya chini ya skrini, nikaingia kwenye joto la rangi. Kwa asiyejua, skrini ina joto lake la rangi: ukilipeleka upande wa joto inaelekea njano, ukilipeleka upande wa baridi inaelekea bluu. Nikaipeleka kwenye baridi mpaka ikafanana na mwenzake wa kulia. Nikamwita Shemeji aje aone.

"Fundi ni fundi," akasema.

Tukaenda kula. Tulipomaliza kula tukaikuta skrini ni bluu tupu.

Shemeji akanitazama. "Na hii ndiyo dawa yenyewe?"

Nikarudisha kila kitu kilivyokuwa. Skrini nyeupe, nikawa mpole.

Jumanne nikabadilisha waya. Njano. Nikabadilisha nafasi za skrini zenyewe, ya kulia nikaipeleka kushoto. Ile nzima ilipokaa kushoto tu, ikageuka njano, na mgonjwa wa jana aliyehamia kulia akapona hapohapo.

Mtu mwenye akili zake angeelewa kwamba tatizo haliko kwenye skrini. Ila mimi akili yangu ilikuwa Ijumaa. Nikamwambia Mama kwamba skrini zote mbili zimechoka, tununue mpya ya kushoto.

Akanunua. Jumatano jioni nikaifunga mwenyewe, nikaondoa na ile nailoni ya juu taratibu, watu wanaangalia. Ilikuwa nyeupe ya kupendeza.

Alhamisi asubuhi nikamwomba Shemeji anipishe kwenye kiti kama kila siku, nikaandika ripoti: tatizo limekwisha. Niliiandika nikitazama skrini ya kulia, kwa raha zangu. Nilipogeuza shingo, skrini mpya ilikuwa njano kuliko zote zilizotangulia.

Jamaa wa mashine akachungulia mlangoni. "Hata hii hamjailisha?"

Mama alikuja, akasimama nyuma yangu. Hakugomba. Angegomba ningejisikia nafuu.

"Kesho, mwanangu," akasema polepole, "njoo na jibu. Ukikosa jibu, njoo na mfuko wa kubebea vitu vyako."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu shule. Nikawaza nitamwambia nini mke wangu, na ataanza kulia kabla au baada ya kuniuliza swali.

Nikaamua kufanya kitu ambacho sikukifanya siku zote tatu. Nikakaa, nikaacha kugusa, nikaitazama.

Saa tano. Njano. Saa sita. Njano. Wenzangu wakaenda kula. Shemeji akanihurumia, akabaki na mimi.

Saa saba kasoro robo, mbele ya macho yetu, njano ikaanza kufifia. Taratibu, bila haraka, mpaka ikawa nyeupe.

"Umeona?" nikamwambia Shemeji. "Hii haijaharibika. Hii inafuata amri."

"Amri ya nani?"

"Hiki kitu kinapambazukiwa, shemeji. Kuna mpangilio kwenye kompyuta, giza likiingia unapunguza bluu ili macho yasiumie, jua likichomoza unairudisha. Unaitwa taa ya usiku. Umewahi kuiwasha?"

"Ndiyo, zamani kidogo. Nilisikia inalinda macho."

Nilitamani kumpiga, ila ana watoto wa dada yangu.

"Siku zote nne unaniona nahangaika, hukusema?"

"Si ni ya usiku? Mimi nafanya kazi usiku? Ningeiwazaje?"

Alikuwa na hoja. Na kwa nini iliishika skrini ya kushoto tu? Hilo nikalijua baada ya kuchungulia nyuma ya meza. Skrini ya kulia imeungwa kupitia kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB, na taa ya usiku haifiki huko. Skrini yoyote ungeiweka kulia ingekuwa nzima, yoyote ungeiweka kushoto ingeugua.

Ila swali likabaki palepale. Kwa nini kompyuta ipambazukiwe saa saba mchana?

Nikatazama saa, pale pembeni chini. Imeandika 7:02.

"Saa ngapi sasa?" nikamuuliza Shemeji.

"Saa saba na dakika mbili. Si hiyo hapo?"

Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti.

Kompyuta haihesabu kama sisi. Saa saba yetu ya mchana, yenyewe inatakiwa iandike 13. Ikiandika 7, inamaanisha saa moja asubuhi, jua ndiyo kwanza linatoka. Mashine ile ilikuwa nyuma saa sita kamili. Tukifika kazini saa tatu, yenyewe inajua ni saa tisa usiku, inatuwekea rangi ya usingizi.

Na mimi nilikuwa nimeitazama saa ile siku nne. Imeandika 3:10, ni saa tatu na dakika kumi, kuna shida gani? Jicho limezoea kugeuza kichwani. Likikuta mtu ameshaligeuzia, linapumzika.

"Nani ameigusa hii saa?"

Shemeji akatazama mlangoni kwanza, akashusha sauti.

"Mama. Wiki tatu sasa. Alikaa hapa kuandika barua, akaona imeandika 10 na yeye ni saa nne. Akasema kompyuta ya ofisi haiwezi kusema uongo mbele ya wateja. Alipoirekebisha ikajirudi yenyewe. Akazima na ile sehemu ya kujirudi."

"Na wewe ukaacha?"

"Shemeji, wewe ungemsahihisha yule mama?"

Hapana, nisingemsahihisha.

Nikairudisha saa kwenye usahihi wake, nikawasha ile sehemu ya kujirudi, nikanyamaza.

Ijumaa asubuhi skrini zote mbili zilikuwa nyeupe. Shemeji akamrekebisha mtoto wa mafuta, akachapwa, akatoka na afya tele, mashavu yanang'aa. Jamaa wa mashine akaishika ile lebo, akaitazama, akarudi kwenye mashine yake. Mama akanigusa bega.

"Ulikuwa ugonjwa gani?"

"Mipangilio tu, Mama. Ilikuwa imevurugika."

"Nani aliivuruga?"

Nikaona isiwe tabu. "Mambo ya kompyuta hayo."

Kabla hajauliza tena, simu ikalia. Mwenye kampuni. Mama akaweka sauti kubwa, tusikie wote.

"Nimekuwa nafuatilia folda yenu," sauti ikasema. "Kiukweli nimeguswa. Huyu msanifu, wiki ya tatu hii, kazi zake zinaingia saa tisa usiku, saa kumi alfajiri. Na huyu fundi, ripoti zake zote nne, saa tisa na dakika arobaini usiku. Mkataba wake unaisha leo, sivyo? Mtu anayeamkia skrini za wenzake saa tisa usiku mnamwachaje? Mwajirini moja kwa moja. Na msanifu awe mkuu wa kitengo."

Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama zulia.

"Ila leo," sauti ikaendelea, "naona faili la kwanza limeingia saa tatu asubuhi. Wamechoka? Wasije wakaanza uvivu."

Mama akasema tutafuatilia, akakata simu. Akamtoa kila mtu, akafunga mlango, tukabaki mimi na yeye.

"Mwanangu, nyumbani kwako kuna kompyuta ya kampuni?"

"Hapana, Mama."

"Funguo za ofisi unazo?"

"Unazo wewe."

"Basi hizo ripoti za saa tisa usiku uliziandikia wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nilichoka. Nikamweleza yote, kuanzia jua kuchomoza saa saba mchana mpaka ile saa iliyokuwa nyuma saa sita, ikibandika muda wake wa uongo kwenye kila faili. Jina la aliyeigusa sikulitaja.

Alivua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Niliona anahesabu kichwani: wiki tatu, mtoto wa bluu, shehena iliyorudi, skrini mpya.

"Huyo aliyeigusa," akasema mwisho, "alikuwa na nia njema."

"Sana, Mama."

"Mwenye kampuni akijua, hatamwelewa."

"Hatamwelewa."

"Na wewe mkeo anajifungua mwezi ujao."

"Ndiyo, Mama."

Akavaa miwani yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuta kosa akaamua kulihifadhi.

"Irudishe ilivyokuwa. Ile rangi ya usiku uizime kabisa. Saa uiache kama nilivyo... kama ilivyokuwa."

Nikairudisha. Jioni nikasaini mkataba. Mke wangu alilia, lakini kwa furaha, na dada yangu akapika kwa ajili ya mkuu wa kitengo. Mambo yakawa freshi kwelikweli. Skrini nyeupe, saa ya uongo, wafanyakazi bora. Karibu mwezi mzima tulifika kazini saa tatu, tukasifiwa kwa saa tisa usiku. Mtoto wangu akazaliwa tukiwa kwenye neema hiyo.

Juzi ikaja barua. Mama alitusomea kwa sauti ya darasani.

Mwenye kampuni anakuja Jumatano ijayo. Anataka kutushukuru ana kwa ana. Na kwa kuwa hapendi kuvuruga ratiba yetu nzuri, hatakuja mchana. Gari litamtoa uwanja wa ndege moja kwa moja, na ofisini atafika saa tisa na dakika arobaini usiku, atukute kazini kama kawaida yetu.

Jamaa wa mashine, ambaye hakuwa anajua lolote, ndiye peke yake aliyecheka.

Kwa hiyo naandika haya mchana, nikiwa kitandani, pazia limefungwa, maana Mama ametupa ruhusa ya siku tatu tulale mchana tuzoee kukesha. Usingizi hauji. Mtoto naye analia. Shemeji amenitumia ujumbe anauliza, mtu aliyezoea kufanya kazi usiku huwa anakaaje, anapiga miayo au hapigi. Sijamjibu, kwa sababu sijui.

Sina mengi ya kukufundisha, ndugu msomaji. Ila mtu akikusifia bidii, usikimbilie kusema asante. Muulize kwanza alikuona saa ngapi.